Siku Uliponikataza Kufuta

Mwanangu Mwadi,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Nimekusikia sasa hivi ukicheka na mama yako barabarani, mkielekea kwenye nyumba za reli kuwaaga mama zako wadogo. Mtakawia, maana kila nyumba itataka mle. Mimi nimebaki kwenye karakana. Begi lako liko mlangoni, mama yako amelifunga kwa kamba kana kwamba ni mbuzi atakayetoroka. Treni ya Lubumbashi inasemekana itafika kesho. Inasemekana. Ukiipata kesho, heri. Ukiipata keshokutwa, utakuwa umekula bukari, ugali wetu wa nyumbani, mara moja zaidi.

Mambo ya kuchemsha maji, chandarua, na watu wa kuepuka sokoni ameshakuambia mama yako, na atayarudia dirishani mwa treni mpaka itakapoanza kwenda. Mimi sitayagusa. Nataka kukuandikia juu ya kompyuta yetu, ile tuliyoibadilisha prosesa kabla ya Pasaka, na juu yangu mimi, kwa sababu mambo hayo kwangu yalifungana.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa wewe ndiye uliyekuwa ukinisahihisha Kiswahili changu tangu ulipoanza shule. Nilikifikia nikiwa mtu mzima, nimevaa sare, natoka mbali. Kwetu ni Boende, kwenye misitu na mito, ambako hata jani la muhogo lina jina jingine. Niliingia jeshini nikiwa kijana, na huko nilijifunza mambo mawili: kushona na kuondoka. Kushona nilifundishwa katika karakana ya sare. Kuondoka nilijifundisha mwenyewe. Kila nilipohamishwa kambi niligawa kila kitu: sufuria, godoro, viatu, hata picha. Wenzangu walisafiri na kuku na vitanda, wake zao wakigombea nafasi juu ya malori. Mimi nilipanda na mkoba mmoja tu, nikajiona mjanja. Kambi mpya, mtu mpya. Hakuna aliyejua makosa yangu ya kule nilikotoka. Hakuna pia aliyejua kama kuna mtu aliwahi kunipenda, lakini hilo sikulihesabu.

Aliyenikatalia ni mama yako. Yeye ni mtoto wa mtu wa reli, amekua akiwaona watu wakipanda treni na kushuka, na haoni kwamba kuondoka ni ushujaa. Amri ya kuhama Kamina ilipokuja, wewe ulikuwa mgongoni kwake. Nikamwambia tugawe vyombo, tusafiri wepesi, tukaanze upya. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Enda weye peke. Minyi na mutoto tunabakia na vyungu yetu." Nilikasirika siku kadhaa. Halafu nikaanza kuomba niachiwe jeshi, na baada ya muda mrefu nikaachiwa. Ndivyo nilivyobaki Kamina, si kwa hekima yangu.

Unajua jinsi mashine ya kutarizi ilivyokuja kwetu. Mzee Kabwe, fundi aliyekuwa na duka karibu na soko, alinipa kazi nilipovua sare. Watoto wake walipomchukua kwenda kuishi nao Kolwezi, aliniachia mashine pamoja na kompyuta yake, akaniambia niitunze kama ng'ombe wa maziwa. Huko Kolwezi alifariki. Kilichokuwa ndani ya kompyuta ile, programu inayogeuza mchoro kuwa njia ya sindano, alijua yeye peke yake ilivyoingia. Mimi nilijua kubonyeza. Wewe ulikua mbele yake. Watoto wa majirani walikuwa na mbuzi wa kuchezea, wewe ulikuwa na kompyuta ya Mzee Kabwe.

Mwaka huu kwaya ya mama yako ilituletea kanzu zao za Pasaka, na mama yako alitaka mchoro mkubwa kuliko yote tuliyowahi kutarizi: kikombe, mashuke ya ngano yakizunguka, na chini yake neno Vidye kwa herufi za dhahabu, kwa sababu alisema Mungu anaitika vizuri zaidi akiitwa kwa Kiluba. Uliuchora wewe. Ulikuwa mzuri, na ulikuwa mzito kwa kompyuta yetu. Mashine ilianza vizuri, ikafika kwenye mashuke, ikasimama sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa. Nikangoja. Ikashtuka, ikaendelea, ikasimama tena. Uzi ulijikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Nilipoufungua, kanzu ilichanika. Ilikuwa ya Mama Alphonsine, kiongozi wa kwaya, na wewe unajua Mama Alphonsine hapokei habari mbaya kwa upole.

Ya pili nayo ikaharibika palepale. Nikamwita Trésor, yule kijana anayetengeneza simu na kompyuta sokoni. Ni mwaminifu, sina neno naye. Alikaa, akabonyeza, akangoja, akaniambia kompyuta imejaa mambo ya zamani, dawa yake ni kufuta kila kitu na kuweka upya ule mfumo unaoiamsha kompyuta na kuendesha programu zote. Nikuambie kweli, Mwadi, nilifurahi kabla hajamaliza kusema. Kufuta, kuanza upya: hiyo ilikuwa lugha yangu. Tukakubaliana aje kesho yake.

Wewe ulipopata habari ulikuja karakana na mikono yako ina unga. Ulisema, "Papa, programu ya Mzee Kabwe haina disque ya kuiweka tena. Ukifuta, mashine itabakia meza tu."

Hilo sikuwa nimelifikiria, na kwa kuwa sikuwa nimelifikiria nikakasirika. Nilikuambia programu nyingine zipo duniani. Ukaniuliza zipo wapi. Nikakuambia kompyuta ni ya baba, si ya mtoto, na kwamba anayeogopa kutupa vya zamani hatapata vipya. Ulitoka ukaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kila mchi ulipopiga kinu nilikuwa nausikia mpaka ndani.

Baadaye mama yako akaja, anajifuta mikono kwenye kitenge. Nilidhani atanigombeza juu ya kanzu. Alisimama tu mlangoni, akaiangalia kompyuta, akasema, "Papa Mwadi, kwako kila kintu ni kufuta. Siku moya utanifuta na minyi." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha, akarudi kwenye chungu chake. Nilikaa pale, ile kanzu iliyochanika nimeipakata. Kisha nikampigia Trésor, nikamwomba angoje.

Asubuhi uliivua kompyuta kifuniko chake, ukaniita kama vile hatukugombana. Huo ni wema wa mama yako ulio ndani yako, si wangu. Ulinionyesha kwenye skrini mstari unaopima kazi ya prosesa: kila mashine ilipofika kwenye mashuke, mstari ulipanda mpaka juu na kubaki huko. Ukaniambia diski ni nzima, nafasi ipo, anayechoka ni prosesa, ile inayopiga hesabu zote. Ilikuwa ndogo na ya zamani. Lakini ile kadi kubwa ambayo vyote vimechomekwa juu yake ilikuwa inakubali prosesa yenye nguvu zaidi, mradi iwe ya ukoo uleule, yenye miguu inayoingia kwenye matundu yaleyale. Ulikuwa umesoma hayo yote kwenye simu yako, sijui lini.

Nilikuuliza swali la mzee. "Ukiitoa, kompyuta haitasahau?"

Ukacheka kidogo. "Papa, prosesa inawazaka tu. Kukumbuka njo kazi ya diski. Tutabadilisha, itaamuka, itaona kuko mupya, itajipanga yenyewe."

Kasongo, binamu wa mama yako, ambaye utakaa kwake Lubumbashi, anatengeneza kompyuta huko. Ulimwandikia jina kamili la prosesa uliyoitaka, naye akaitoa kwenye kompyuta iliyokufa, akaikabidhi kwa mama mmoja anayepeleka samaki wakavu wa Bukama mpaka Lubumbashi na kurudi Kamina kwa treni. Ilifika imefungwa kwenye mfuko wa mkate, inanuka samaki. Ulipoifungua, ukaigeuza juu chini. Kwenye pembe moja miguu yake ilikuwa imelala. Unaikumbuka ile miguu: mamia ya sindano za rangi ya dhahabu, fupi kuliko punje ya mchele, na kadhaa kati yake imepinda kama majani yaliyokanyagwa. Hata mmoja usipoingia kwenye tundu lake, prosesa haikai.

Ulikuwa umeishika mkononi, umeiinamia, na mimi niliona kwa mara ya kwanza kwamba hukuwa na hakika. Ulikuwa umetuahidi sote, na sasa ulikuwa unaogopa. Mimi nikavaa miwani, nikachukua sindano nyembamba kuliko zote nilizo nazo, ile ya kutolea mshono uliokosewa kwenye hariri, nikasogea dirishani.

Ulisema, "Usivute, Papa. Sukuma polepole. Ikivunjika, hakuna dawa."

Nilikuambia usimame upande wa kivuli ili mwanga usizuiwe, nikaanza. Niliingiza sindano kati ya mistari, nikausukuma mguu wa kwanza kidogo, nikaacha, nikausukuma tena. Chuma kile ni laini, kinakubali, lakini hakitaki haraka. Nilikuwa nashusha pumzi pembeni ili mkono usitikisike. Sijui ilichukua muda gani. Mama yako alikuja, akatuona, akaondoka kwa kunyata. Nilipomaliza uliinua prosesa kwenye mwanga, ukaiangalia mistari yake kwa urefu na kwa upana, kama mtu anayekagua shamba la mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Ukasema, "Iko muzuri," na ukanitazama. Mwanangu, nimewahi kuvishwa nishani mbele ya kikosi kizima. Sikujisikia vile nilivyojisikia siku ile.

Nilidhani sasa tutaibadilisha mara moja. Ukakataa. Ulitaka kwanza kunakili michoro yote na kila kilichomo kwenye diski nyingine, ambayo Trésor alituazima. Hakuwa amekasirika kwamba tulimwacha, alitaka kuona. Kunakili kulikwenda polepole sana, na mimi nilizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikakuuliza kwa nini tunapoteza muda ikiwa una hakika. Ulinijibu bila kugeuka: "Tukikosea, tukuwe na pa kurudilia."

Ulilisema ukiwa na mawazo kwenye kazi yako, labda hata hukumbuki. Mimi lilinikaa. Katika kambi zote nilizopita, sikuwahi kujiachia pa kurudia.

Ikabaki ile hatua uliyoiogopa kuliko zote. Ulinieleza kwamba ndani ya kadi yenyewe kuna programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, na kwamba lazima tuifanye upya wakati prosesa ya zamani bado imekaa, ili kadi imtambue mgeni atakapoingia. Kazi yenyewe si ndefu. Lakini umeme ukikatika katikati, kadi inakufa, na hakuna wa kuifufua hapa Kamina. Na tabia za umeme wetu unazijua.

Basi tukaamua kutumia jua. Tulingoja Jumapili baada ya misa, jua likiwa juu kabisa, paneli imefutwa vumbi na betri imejaa. Mama yako alizima friji, akawarudishia majirani simu zao zilizokuwa zikichajiwa kwetu, akawaambia wazi kwamba nyumba hii leo ina mgonjwa mezani. Ukaanza. Mstari mdogo ulianza kutambaa kwenye skrini. Ulikuwa umefika katikati wingu lilipokuja, na taa ya betri ikageuka rangi. Trésor alinitazama. Nimewahi kulinda daraja peke yangu mahali ambapo hakuna aliyetaka kulilinda, lakini mstari ule sikuweza kuutazama. Nilitoka nje, nikasimama uani, nikaangalia wingu kana kwamba linapokea amri kwangu. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kizingiti anachambua maharage, akaniambia nikae chini, wingu halina masikio. Nikakaa. Tukachambua wote wawili. Kisha nikasikia sauti yako ndani: "Papa, imeisha."

Yaliyofuata uliyafanya kwa mikono ambayo sikujua kuwa unayo. Uliacha kompyuta ifanye kazi kidogo ipate joto, ukaizima, ukachomoa nyaya, ukaizungusha feni kushoto na kulia mpaka ikaachia yenyewe. Uliniambia anayeivuta ikiwa baridi huing'oa prosesa pamoja nayo. Ulifuta kwa spiriti ule uji mkavu wa zamani uliokuwa kati ya feni na prosesa, ukainua kijiti kidogo cha chuma, ukaitoa prosesa ya zamani na kuiweka kwenye kitambaa safi. Hukuitupa. Ulitafuta pembetatu iliyochorwa kwenye pembe ya ile mpya, ukailinganisha na pembetatu ya kwenye kadi, ukaiachia. Iliingia bila kusukumwa, miguu yote, hata ile niliyoinyoosha. Ulipaka tone la uji mpya, mweupe kama dawa ya meno, ili joto lipate njia ya kupanda kwenye feni. Mimi nilikuwa nimelishika sanduku la kompyuta lisitikisike ukifunga feni.

Ukawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Tukangoja. Nyeusi. Trésor akakuna kichwa, akasema polepole kwamba labda kadi haikuikubali. Nataka ujue kilichokuwa kinywani mwangu wakati ule. Yalikuwa maneno ya mtu wa zamani: nilisema tangu mwanzo. Yalikuwa tayari kabisa. Nikakutazama umekaa na mikono mapajani, huoni mtu, na nikayameza. Nakuambia hili kwa sababu utakutana na siku nyeusi nyingi huko uendako, na karibu nawe kutakuwa na watu wenye maneno tayari. Wakati mwingine utakuwa wewe mwenyewe. Mara nyingi maneno hayo huja dakika moja kabla ya jibu.

Ulizima, ukaanza upya kwa kidole, kuanzia waya wa kwanza, unagusa kila kitu na kukitaja kwa sauti. Ulipofika kwenye kile kipande kirefu, kumbukumbu ya muda ambayo prosesa huishika ikiwa kazini, ukasimama. Upande mmoja ulikuwa umeinuka kidogo. Ni mahali ambapo kiwiko changu kilikuwa kimeegemea. Hukusema ni nani. Ulikibonyeza mpaka kikatoa mlio, ukawasha tena.

Maandishi yakatokea: prosesa mpya imeonekana, bonyeza uendelee. Ukabonyeza. Mfumo ukaamka uleule, ukazungusha duara lake, ukasema unaandaa vifaa, ukaomba uzimwe na kuwashwa mara moja. Halafu ikatokea picha ya mama yako na kitenge cha kwaya, ileile uliyoiweka zamani. Hakuna kilichofutika. Programu ya Mzee Kabwe ilifunguka. Michoro yote ilikuwapo, hata majina ya wanajeshi niliyowatarizia vifuani miaka ile ya kwanza, wengine sijui walipo. Mama yako aliimba palepale, na Trésor akampigia makofi.

Mashine ilipita kwenye mashuke kama mtu anayepita kwenye njia ya nyumbani. Kanzu zilivaliwa Pasaka, na Mama Alphonsine, mwenye kanzu mpya kabisa, aliniambia kazi si mbaya. Kwa Mama Alphonsine hiyo ni sifa kubwa.

Sasa nikuambie lililofuata, kwa kuwa ulikuwapo lakini hukuelewa yote. Siku chache baadaye, tukila, nilikuuliza kama simu yako inaweza kumtafuta mtu. Ukauliza nani. Nikasema dada yangu. Wewe na mama yako mliacha kula. Mlikuwa mkijua natoka Boende, basi. Sikuwa nimewahi kuwaambia kwamba nina dada anayeitwa Mboyo, aliyenibeba mgongoni mama yetu akiwa shambani, aliyeuza mafuta ya mawese ili nivae viatu siku ya kuingia jeshini. Katika moja ya zile safari zangu za mkoba mmoja niliacha nyuma hata karatasi iliyokuwa na namna ya kumpata. Nilijiambia nitamwandikia nikitulia. Mwaka ukapita, aibu ikaingia, na aibu ya mwaka mmoja ni mzigo, ya miaka mingi ni ukuta. Kwamba mama yetu amefariki niliambiwa na mwanajeshi mmoja wa kwetu, kwenye foleni ya chakula, akidhani najua. Nilimwambia najua.

Hukuniuliza kwa nini. Uliandika jina lake na la kijiji chetu kwenye makundi ya watu wa Boende, siku baada ya siku, mpaka mwalimu mmoja wa huko akajibu kwamba mama huyo anamfahamu, anauza samaki wa moshi karibu na mto. Na Jumamosi ile simu ikalia.

Uliona nilivyosimama. Tulizungumza Kimongo, lugha ambayo ulimi wangu ulikuwa umeisahau nusu, nikawa najikwaa, naye akawa ananicheka na kulia kwa pamoja. Hakunigombeza. Aliniuliza nakula nini huku. Aliniuliza kama nina mke, nikamwambia. Aliniuliza kama nina mtoto, nikamwambia ninaye binti, jina lake Mwadi. Akasema hilo ni jina la huko, je, kwetu hukumpa jina? Nikamtajia jina lako la pili. Akalirudia mara mbili, kisha akasema neno. Wewe ulinivuta shati ukaniuliza, "Anasema nini?" Nikakujibu kwamba anakusalimu.

Sikukuambia kweli, Mwadi. Shuleni walipokucheka kwa jina hilo, Bolumbu, na ukaniuliza limetoka wapi, nilikuambia ni jina tu la kwetu. Bolumbu ni mama yangu. Siku uliyozaliwa, ndugu za mama yako walikuwa wameshakupa Mwadi, wakanigeukia wakaniuliza upande wangu una neno gani, na jina hilo likatoka kinywani kabla sijalifikiria. Mtu niliyekuwa najisifu kwamba sina kitu mkobani. Alichosema Mboyo baada ya kulirudia jina hilo ni hiki: "Basi hukutupoteza. Ulikuwa unatuita kila siku."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile bila kujua nikukabidhi namna gani, na mdomoni halitoki. Ndiyo maana naandika.

Nenda, mwanangu, ukabadilike. Sikuombi urudi vilevile. Utajifunza kompyuta na watu wanaotuzidi sote watatu, mimi, Trésor na Kasongo, na pengine utarudi na Kifaransa cha haraka, nywele nisizozijua, na mawazo yatakayonifanya nitoke uani kutazama mawingu. Karibu. Mama yako atapika, mimi nitachambua maharage, nawe utatueleza. Wakikuambia huko kwamba ili uwe mtu wa mjini lazima uone haya juu ya Kamina, waache waseme, wewe endelea na kazi. Na ukikosea, piga simu siku hiyohiyo. Usingoje upate kwanza habari nzuri ya kuja nayo. Mimi nilingoja, na mama yangu akafa akingoja.

Jambo moja tu nakuagiza. Nimempa shangazi yako Mboyo namba yako. Atakupigia Jumapili ya kwanza ukishafika. Kiswahili hajui, Kimongo wewe hujui, kwa hiyo jaribu Kilingala chako cha nyimbo, kitatosha. Atazungumza kwa sauti kubwa kwa sababu anaamini Lubumbashi ni mbali. Atakuuliza umekula nini. Na hatakuita Mwadi. Kwa kuwa una jina la aliyemzaa, atakuita mama.

Itika.

Baba yako,
Kamina, kwenye karakana